Makopo 800: Sakarini katika Magazeti ya Marekani, 1977

Sakarini, ambayo jina lake lina asili moja na neno la Kiswahili "sukari", iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Tarehe 9 Machi 1977 Idara ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kuipiga marufuku, kwa kuwa utafiti wa Kanada ulionyesha kwamba panya waliolishwa sakarini walipata uvimbe wa kibofu cha mkojo.

Kilichovuma magazetini hakikuwa utafiti wenyewe bali hesabu moja. Panya wale walipewa sakarini iliyofikia asilimia 5 ya chakula chao. Kwa binadamu, ilisemwa, ni zaidi ya makopo 800 ya soda kila siku, maisha yote. Hesabu hiyo haikubuniwa na wachekeshaji, maana ilikuwamo katika tangazo la Idara yenyewe! Wasomaji wakacheka. Ni wachache walioelezwa kwamba hatari inayompata mtu mmoja kati ya maelfu haiwezi kuonekana kwa panya wachache wanaolishwa kidogo, ndiyo maana wanalishwa kwa wingi. Wala haikusisitizwa vya kutosha kwamba sheria ya mwaka 1958 ilikataza katika chakula kiongezo chochote kinachosababisha saratani kwa mtu au mnyama, hata kikiwa kidogo namna gani. Idara haikuwa na nafasi ya kupima.

Kicheko hicho kilichanganyika na hofu. Saiklameti ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1969, na sakarini ndiyo pekee iliyowabakia wagonjwa wa kisukari. Barua zikamiminika bungeni, na Novemba 1977 Bunge likasimamisha marufuku, likaamuru onyo liandikwe kwenye bidhaa.

Onyo hilo lilidumu hadi mwaka 2000. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba sakarini nyingi hufanya chembe ngumu katika mkojo wa panya dume, nazo hujeruhi kibofu. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. Waliocheka, basi, walipata jibu sahihi kwa hoja mbovu: kilichoiokoa sakarini ni mkojo wa panya, si makopo 800.