Robota Liliondoka, Belo Likarudi

Mwaka jana vijana 14 wa kikundi chetu cha akiba hapa Kiryandongo tulichanga shilingi 50,000 kila mtu. Zikafika 700,000. Tukatuma watu wawili Busia, upande wa Uganda, wakanunue belo moja la suruali za jinzi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Belo lina kilo 45, limebanwa na plastiki na mikanda, na sheria ya muuzaji ni moja: halifunguliwi kabla ya kulipa. Ukishalipa, ni lako pamoja na kila kilichomo ndani.

Tulilikata hapa nyumbani chini ya mwembe, kikundi kizima kimezunguka. Suruali zilikuwa 82. Nzuri 29, za wastani 31. Zile 22 zilizobaki hakuna mtu Bweyale angezigusa: viuno vya mtu mnene ajabu, zipu zimekufa, moja imejaa rangi ya kupaka ukuta hadi magotini. Tuliuza tulichoweza, tukapata 621,000. Ukiweka na nauli na usafiri wa mzigo, 60,000, tulikuwa tumepoteza 139,000. Hiyo ni karibu 10,000 kwa kila mtu. Kuna msichana kwenye kikundi ambaye ile 50,000 aliipata kwa kulima mashamba ya watu. Hakusema kitu. Aliondoka tu.

Mama yangu aliuza mitumba miaka mingi karibu na Eldoret kabla hatujakimbia. Nilipomweleza, aliniuliza swali moja: "Mliangalia alama?"

"Alama gani, Mama?"

"Basi mlinunua plastiki."

Kumbe kila belo lina alama ya waliolichambua huko lilikotoka, na mwenye kuijua kazi hanunui belo tu, ananunua mkono wa mchambuaji. Hapo ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Wenye shule kubwa wanaiita mnyororo wa ugavi. Mama anaiita njia ya mzigo. Nilichokipata ni historia ya zaidi ya miaka 100, na imepita palepale tulipopita na belo letu: Busia, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Karuma, hadi Bweyale.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 hapakuwa na mpaka Busia. Mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika karibu na Naivasha. Siku hiyo Waingereza wakauhamishia upande wa pili, ambao leo ni Kenya. Wasamia na Wateso hawakuhama, lakini wakajikuta ndugu huku na ndugu kule. Mpaka ulitangulia, biashara ya kuuvuka ikafuata.

Mwaka uliofuata, 1903, mmisionari aliyeitwa Borup, wa kampuni ya Uganda Company, aligawa mbegu za pamba kwa wakulima. Viwanda vya Lancashire huko Uingereza vilikuwa na njaa ya pamba, na reli ilikuwa imeshafika Kisumu mwishoni mwa 1901. Wakulima walilima, na mwanzoni baadhi yao walitenganisha mbegu na nyuzi wenyewe kwa mashine ndogo za mkono. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaleta sheria za pamba na mashine zile za mkono zikaondolewa. Sababu waliyotoa ilikuwa ubora: pamba ilikuwa inafika chafu na imechanganyika. Si uongo mtupu, ubora ulikuwa shida kweli. Lakini angalia matokeo. Kuanzia hapo mkulima aliuza pamba na mbegu zake kwa mwenye jinari, na kazi ya kuisafisha, pamoja na faida yake, ikatoka mkononi mwake.

Mkulima aliachiwa kazi moja ya kuchambua. Alitenga pamba kwa vidole nyumbani kwake, nyeupe huku, yenye madoa kule. Ya kwanza iliitwa safi, ya pili iliitwa fifi, na kila moja ilikuwa na bei yake. Mimi nilipoyasoma maneno hayo nilicheka, kwa sababu leo sokoni tuna kamera na fagia. Kamera ni zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza belo likifunguliwa. Fagia ni zile za mwisho, za kuuzwa kwa kurundikwa chini.

Reli ikasogea. Kutoka Tororo tawi lilikwenda Mbale na Soroti mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 njia kuu ikafika Kampala. Miaka ya 1960 tawi lile likaendelea hadi Lira, Gulu na Pakwach. Tororo ikawa mahali mizigo ya kaskazini na mashariki inakutana kabla ya kushuka kwenda Kilindini, Mombasa. Pamba ilipanda treni ikiwa imebanwa kwenye marobota, ikavuka bahari, na sehemu yake ikarudi dukani ikiwa kitambaa.

Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1949 kulipotokea ghasia Buganda, moja ya madai ya wakulima lilikuwa haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Baada ya hapo vyama vya ushirika vilianza kupata majinari. Tororo palikuwa na Bukedi Co-operative Union. Jinja, katikati ya miaka ya 1950, kikaanza kiwanda cha nguo cha Nytil, kikitumia umeme wa bwawa la Owen Falls. Kwa mara ya kwanza pamba ya Uganda iliweza kulimwa, kusafishwa, kufumwa na kuvaliwa bila kupanda meli. Msimu wa 1969/70 nchi ilitoa marobota zaidi ya 400,000.

Kisha ikaanguka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi wao ndio waliokuwa na majinari, maduka na ujuzi wa kuagiza vipuri. Mkulima alipoona halipwi, au analipwa pesa isiyonunua kitu, aling'oa pamba akapanda chakula. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika. Sabuni, chumvi na nguo zikaadimika Uganda, na Busia ikawa mji wa magendo. Kahawa ilivuka usiku kwenda Kenya, nguo na sabuni zikarudi.

Hata boda boda imezaliwa kwenye mpaka huu. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda palikuwa na eneo refu la kutembea, na vijana wa baiskeli walisimama wakiita kwa Kiingereza cha haraka, mpaka kwa mpaka. Wateja wakabaki na jina. Watu wenye ulemavu nao walipata nafasi yao Busia: baiskeli zao za magurudumu matatu zilibeba mzigo mwingi, na mara nyingi maofisa hawakuwasumbua. Kila kizuizi kilimzalia mtu kazi. Lakini kizuizi hichohicho kiliweza kukuua, maana Desemba 1987 wanajeshi wa nchi hizi mbili walirushiana risasi hapohapo Busia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 masoko yalifunguliwa na mitumba ikaingia kwa makontena. Upande wa Kenya, Kicomi ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilishindwa kuendelea. Wengine wanasema ni mitumba iliyoziua, wengine wanasema ni madeni, usimamizi mbovu na pamba kukosekana. Mimi naona yote yalikuwepo. Lakini mama yangu hakuwa na kiwanda. Alikuwa na kibanda, na mitumba ndiyo iliyonilisha.

Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, kibanda kilichomwa. Tulivukia Malaba. Nilikuwa na miaka sita. Mama hakubeba sufuria wala godoro, alibeba sweta za watoto alizozifunga kwenye shuka. Nilimkasirikia, nilitaka mpira wangu. Wiki hiyohiyo vijana Nairobi waling'oa reli pale Kibera, na mafuta ya petroli yakaadimika hadi Kampala. Ndiyo kusema Kenya ikitikisika, Uganda yote inajua.

Tulipelekwa Mulanda, hapohapo wilayani Tororo. Usiku palikuwa na baridi na sweta zile Mama aliziuza moja moja, nyingine akazitoa bure. Siku moja tukagawiwa nguo za msaada. Mama akageuza blauzi mbili tatu, akaangalia mshono, akasema kwa sauti ya chini, "Hii ni fagia." Hakuwa anadharau, alipokea na akashukuru. Ila aliijua. Ni nguo za njia ileile: mtu wa Ulaya au Marekani anatoa kwa hisani, mtu mwingine anachambua kwa daraja, nzuri zinauzwa, na zile za chini zinatafuta mtu asiyeweza kuchagua. Kisha tukahamishiwa huku Kiryandongo.

Tangu hapo wakubwa wamegombana sana juu ya nguo hizi. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017, na Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilibaki na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 ikasimamishwa kuuza nguo kwa nafuu ile. Mwaka 2020 Kenya ilizuia mitumba miezi kadhaa kwa sababu ya korona. Na Agosti 2023, akiwa Mbale kwenye eneo la viwanda, Rais Museveni alisema mitumba ipigwe marufuku, kwamba ni nguo za wazungu waliokufa na zinaua soko la pamba yetu.

Nilimsomea Mama habari ile. Alishika moja ya suruali, akapima kiuno kwa mikono miwili. "Mwenye hii alikuwa mzima," akasema, "alinenepa tu."

Sibishani na Rais kuhusu pamba. Kilimo cha pamba kikifufuka na nguo ikashonwa Jinja au Mbale kwa bei ya mtu wa Bweyale, mimi nitanunua. Ninachosema ni kwamba katika historia hii yote, tangu 1908, swali limekuwa lilelile: nani anachambua? Anayechambua ndiye anayejua kilichomo, na anayejua kilichomo ndiye anayepanga bei. Mkulima alinyang'anywa mashine ya mkono, na mimi nimeuziwa belo lisilofunguliwa. Hasara inateremka na njia hadi imkute mtu wa mwisho, asiyekuwa na wa kumteremshia.

Hata sheria nzuri za mpaka hazijatufikia sawasawa. Busia ina kituo kimoja cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, unahudumiwa na nchi zote mbili mahali pamoja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha forodha. Ni jambo jema kwa mwenye mahindi au maharagwe. Lakini mitumba haikutengenezwa hapa, kwa hiyo haimo.

Sasa niseme na ninyi wa mashirika, kwa heshima. Mmetuletea mafunzo ya cherehani mwaka baada ya mwaka, na tunashukuru. Lakini fundi anayeshona gauni jipya hapa anashindana na gauni la kamera la shilingi 5,000. Hawezi. Fundi huyohuyo akipewa zile suruali zetu 22 anaweza. Tulimpelekea mmoja wao, dada aliyejifunza kwenye mafunzo yenu, akazikata kaptura za watoto na mikoba. Hasara ilipungua, ingawa haikuisha. Kwa hiyo mkifundisha kushona, fundisheni na kuchambua, kuweka hesabu na kununua. Mkitukopesha mtaji, msiulize tu tutalipa lini, ulizeni tutanunua kwa nani.

Na kwetu sisi vijana: tumekubaliana mambo matatu. Safari ijayo hatununui belo lililofungwa. Tutakwenda Busia siku mabelo yanapofunguliwa, tununue suruali moja moja hata kama kila moja itatugharimu zaidi. Kila tulichonunua kitaandikwa: alama, muuzaji, nzuri ngapi, mbovu ngapi. Na Mama atakwenda nasi, nauli yake itatoka kwenye mfuko wa kikundi, maana ujuzi wake ni mtaji pia.

Yule msichana amerudi. Nilimfuata nyumbani kwao nikamweleza mpango, akanisikiliza hadi mwisho. Amesema atachanga tena, kwa sharti moja: daftari atashika yeye.