Nyumba ya Chaak: Mapango katika Dini ya Wamaya

Kaskazini mwa rasi ya Yucatán, nchini Mexico, msafiri aweza kwenda kutwa nzima asivuke mto hata mmoja. Ardhi ni ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji huzama papo hapo na kukusanyika chini, kisha huonekana tena pale tu dari ya pango ilipoporomoka na kuacha shimo la maji, senote. Mkulima wa mahindi katika nchi kama hiyo hahitaji kuhubiriwa kwamba uhai hutoka chini ya ardhi.

Jambo hilo la wazi liliwapita wachunguzi wengi wa mwanzo wa Wamaya. Mmarekani Henry Mercer alizunguka mapango ya vilima vya Yucatán mwaka 1895 akitafuta mabaki ya binadamu wa zama za barafu. Hakuyapata. Waliomfuata walikodolea macho piramidi, na mapango yakabaki pembeni hadi mwaka 1959, J. Eric Thompson alipochapisha makala kuhusu nafasi yake katika utamaduni wa Wamaya. Hata hivyo, ilikuwa miaka ya 1980, kwa kazi ya James Brady na wenzake, ndipo uchunguzi wa mapango ulipopata heshima yake.

Mapadri wa Kihispania nao walikuwa na upofu wao. Waliposikia habari za Xibalba, makao ya mabwana wa mauti chini ya ardhi, waliona jehanamu. Lakini Popol Vuh, kitabu cha Wak'iche', Wamaya wa Guatemala, hakisimulii adhabu ya wenye dhambi. Kinasimulia baba aliyeuawa huko kuzimu, kichwa chake kikatundikwa mtini, na mate yake yakamtia mimba binti wa mmoja wa mabwana haohao. Ndipo wakazaliwa mapacha Hunahpu na Xbalanque, waliokuja kuwashinda wauaji. Katika michoro ya ukutani ya San Bartolo, Guatemala, iliyochorwa takriban miaka 100 kabla ya Kristo, chakula na maji vinatolewa kwenye kinywa cha pango la mlimani. Kifo na mahindi vilikaa nyumba moja.

Mwenyeji mwingine wa nyumba hiyo alikuwa Chaak, mungu wa mvua. Waliomwendea walitafuta maji yaliyodondoka kutoka kwenye mawe yaning'iniayo darini, yasiyowahi kuguswa na mtu. Hayo ndiyo yaliyofaa kwa ibada. Mfano bora ni Balankanché, karibu na Chichén Itzá. Mwaka 1959 mwongoza watalii José Humberto Gómez alitambua kwamba sehemu ya ukuta wa pango hilo ilikuwa imezibwa kwa mikono ya watu. Nyuma yake palikuwa na ukumbi wenye nguzo kubwa ya jiwe, iliyojijenga tone kwa tone mpaka ikafanana na msufi. Mti huo ni uleule unaotupa sufi za kujazia mito, ila kwa Wamaya ndio uliobeba mbingu. Kuizunguka nguzo kulikuwa na vyetezo vya udongo vyenye sura ya Tlaloc, mungu wa mvua wa Mexico ya kati, pamoja na mawe madogo ya kusagia. Wazee wa jirani walipopata habari, walidai ifanyike ibada ya kuwaomba radhi wenye mahali, na wavulana wakalia kama vyura wanaoita mvua.

Watawala hawakuwaachia wakulima peke yao nguvu hiyo. Huko Dos Pilas, Guatemala, jengo kuu la El Duende lilijengwa juu ya pango lenye maji. Pango jingine liko chini ya jumba la kifalme. Mvua kubwa ikipita, maji hulipuka humo kwa ngurumo. Mfalme aliyeishi juu ya ngurumo hiyo hakuwa na haja ya kueleza mamlaka yake yametoka wapi. Na mahali pasipo na pango, mafundi walilijenga: huko Chicanná na Ek' Balam milango ya majengo imeundwa kuwa kinywa cha dubwana lenye meno, yaani mlima uliopanua kinywa.

Maji yalikuwa na bei yake. Askofu Diego de Landa aliandika katika karne ya 16 kwamba watu walitupwa hai katika senote ya Chichén Itzá wakati wa ukame. Edward Thompson, si yule J. Eric, alipoichimbua mwanzoni mwa karne ya 20, alitoa dhahabu, jade, ubani wa kopali na mifupa ya binadamu, na magazeti yakaishiba hadithi ya wasichana bikira. Mwaka 2024 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliozikwa katika kisima cha chini ya ardhi kilichoungana na pango, karibu na senote hiyo. Wote walikuwa wavulana, na miongoni mwao mlikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Waliowaweka pale, nadhani, waliijua vizuri hadithi ya Xibalba.

Ibada haikufa pamoja na miji. Wakulima wa Q'eqchi' wa Guatemala na Belize bado huingia mapangoni kabla ya kupanda mahindi, wakafukiza kopali na kuwasha mishumaa, wamwombe ruhusa Tzuultaq'a, mwenye milima na mabonde. Shida ya mapango sasa ni uharibifu. Mwaka 1989 wahuni waliharibu michoro ya wino ya karne ya 8 katika pango la Naj Tunich, Guatemala. Na katika Actun Tunichil Muknal, Belize, watalii huvua viatu kabla ya kufika kwenye mifupa, na tangu mwaka 2012 hawaruhusiwi kuingia na kamera, baada ya mmoja wao kuiangusha ya kwake juu ya fuvu la kale na kulitoboa.