Moteri ndogo ya baiskeli: ilitoka wapi, na mbona inakufa mbio



Tangu tulirudi, baiskeli ndiyo gari letu. Wengine tunaiita kinga. Inabeba makaa, mihogo, samaki, hata mgonjwa. Sasa baadhi yetu wameanza kuifunga moteri ndogo, na mara nyingi wanainunua kwa mkopo wa mfuko wetu wa kuzungushana. Pistoni ikikwama mwezi wa kwanza, chuma kinalala nyumbani lakini deni linabaki kwenye daftari. Mara nyingi si kwamba moteri ilikuwa mbovu. Ilitunzwa kama moteri ya pikipiki kubwa, na yenyewe haiko ya ukoo ule. Ndiyo maana leo tunaeleza ukoo wake.

Hii ni moteri ya mipigo miwili, ile mafundi wa kwetu wanaita kwa Kifaransa deux temps. Mskoti Dugald Clerk alipata hati ya moteri ya namna hiyo mwaka 1881, lakini yake ilihitaji pampu ya pembeni. Miaka kumi hivi baadaye, katika mji wa Bath huko Uingereza, Joseph Day na mfanyakazi wake Frederick Cock waliondoa pampu hiyo. Walifunga vizuri sanduku la chini, pale shafti inapozunguka, na sanduku lenyewe likawa pampu. Pistoni ikipanda, inavuta hewa na esansi chini yake. Ikishuka, inavisukuma vipite kwenye tundu za pembeni mpaka juu, na moshi unatokea tundu lingine. Hakuna valvu. Ni chuma kidogo, chepesi, cha bei ndogo.

Lakini angalieni neno moja hapo. Kama sanduku la chini ni njia ya hewa na esansi, oili haiwezi kukaa humo ikingoja. Inabidi isafiri pamoja na esansi. Na kama sanduku hilo linapitisha hewa kwenye gasketi, moteri inapata hewa nyingi kuliko esansi, inawaka moto kupita kiasi, pistoni inayeyuka. Magonjwa mawili makubwa ya moteri hizi yanatoka moja kwa moja kwenye kazi ile ya Bath.

Baiskeli zilifaidika sana na moteri hiyo baada ya vita vya 1939-1945. Ulaya ilikuwa imechoka, gari ni za wachache, esansi ni haba. Mwaka 1946 Wafaransa walianza kuuza VéloSoleX: moteri inakaa juu ya gurudumu la mbele na kuzungusha tairi kwa kulisugua. Mwaka uleule, Italia, kampuni ya Garelli ilitoa moteri ya sentimita kyubu 38.5 ya kufungwa chini ya pedali, ikaiita Mosquito, yaani mbu. Mwaka 1949 Motobécane ikatoa Mobylette, ambayo haikuwa tena baiskeli iliyoongezewa moteri, ilizaliwa nayo. Urusi nayo, ndani ya Umoja wa Kisovieti, iliunda moteri za aina ya D za kukaa katikati ya fremu. Zile za Kichina zinazouzwa leo ndani ya katoni, pamoja na mnyororo na tangi dogo, zinafanana nazo sana.

Basi, ukiletewa moteri, uliza kwanza: wewe ni wa ukoo gani? Kama inasugua tairi la mbele, ni mjukuu wa Solex. Kama inakaa katikati ya fremu na ina mnyororo wake upande wa kushoto, karibu kila mara ni ya Kichina. Kama ina kifuniko cha valvu juu, na kijiti cha kupimia oili chini, hiyo ni ya mipigo minne kama TVS au Haojue za njiani: usichanganye kitu kwenye tangi lake. Na Yamaha AG100, ile mashirika mengi yalitembelea, ni ya mipigo miwili lakini ina tangi la oili peke yake, na pampu inayochanganya yenyewe. Hiyo unajaza matangi mawili.

Tena usiamini namba iliyoandikwa na muuzaji. Moteri nyingi za Kichina zinaitwa "80". Fungua kichwa, pima. Silinda ya milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 inatoa sentimita kyubu 66. Silinda ya milimita 40 na mwendo uleule inatoa 48. Ukiagiza pistoni ya "80" bila kupima, unaweza kuletewa kisichoingia.

Kuna hatari nyingine iko ndani ya maneno yetu. Aliyekaa Nyarugusu anasema petroli na plagi. Aliyebaki huku anasema esansi na bujie. Hayo hayaui moteri. Neno linaloua ni "mafuta". Mmoja akisema "tia mafuta", mwingine anatia esansi tupu. Tuzoee kusema esansi na oili, kila kimoja kwa jina lake.

Kipimo cha moteri ya Kichina ni hiki: ikiwa mpya, oili sehemu 1 kwa esansi sehemu 16; ikishazoea, 1 kwa 20. Yaani chupa ya maji ya lita 1 na nusu inapokea mililita 75 za oili ya mipigo miwili. Changanya ndani ya chupa, tikisa, ndipo umimine kwenye tangi. Oili ya gari haifai.

Kila juma, kaza nati za kichwa na za kushikilia moteri kwenye fremu, sababu mtikisiko unazilegeza. Toa bujie uiangalie: rangi ya kahawia ni afya, nyeupe ni joto, tafuta hewa inapoingilia, nyeusi yenye majimaji ni oili nyingi. Nguvu ikipungua polepole, toa bomba la moshi, shusha pistoni, kwangua masizi kwenye tundu kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi.

Tunapendekeza kwa kamati kwamba kabla ya mkopo wa moteri kutoka, karani aandike ukoo wake, kipimo cha silinda na kipimo cha oili, na mwenye kuchukua awe ameonyesha kuchanganya chupa moja mbele ya fundi. Ni kazi ya nusu saa. Deni la chuma kilichokufa linalipwa msimu mzima.