Uzazi wa majira, na majira ya mwanamke mwenyewe



Kila mara nasikia hoja kwamba uzazi wa majira ni jambo la Wazungu, lililoletwa kwetu na kidonge. Mie naona hoja hiyo ina kasoro: Mzungu mwenyewe hakuanza na kidonge.

Chukueni hapa ninapoishi, Rayners Lane. Nyumba nyingi zilijengwa miaka ya 1930, watu walipohamia pembezoni mwa London kwa kufuata reli. Vyumba viwili vya kulala vya maana, cha tatu kama stoo. Ni nyumba ya wazazi na watoto wawili, basi. Na kweli, kufikia 1933 wastani wa uzazi Uingereza ulishashuka chini ya watoto wawili kwa kila mwanamke, karibu miaka 30 kabla ya kidonge kufika mwaka 1961. Walizuiaje? Mwanahistoria Kate Fisher aliwahoji wazee wa enzi hizo, na kitabu chake cha 2006 kinaonyesha wengi walitegemea kumwaga nje, mipira na kujinyima tu. Tena wake wengi walipenda kumwachia mume shughuli hiyo.

Kidonge kikahamisha uamuzi kwa mwanamke. Lakini mwanamke yupi? Kliniki za uzazi wa mpango hapa kwa kawaida ziliuliza kwanza: umeolewa, au unakaribia kuolewa? Helen Brook alifungua kliniki ya vijana wasioolewa London mwaka 1964. Sheria ya 1967 ikaruhusu halmashauri kuwahudumia, na mwaka 1974 huduma ikawa bure kwa wote bila kuulizwa habari za ndoa.

Sasa turudi kwetu. Uzazi wa majira maana yake ni kupishanisha uzazi. Neno lenyewe linadhani mtoto yupo tayari. Limekaa juu ya hofu ya zamani ya kubemenda, kwamba wazazi wakikutana wakati mtoto bado ananyonya, mtoto hudhoofika. Hata kumwaga nje, ambako kwenye fikihi huitwa azli, hujadiliwa kama jambo la mume na mke, na wanazuoni wengi hutaka mke aridhie. UMATI ilianzishwa 1959, na mwaka 1974 serikali ya Tanzania ikaingiza huduma hiyo kwenye kliniki za mama na mtoto. Haya, msichana asiye na mtoto akakae benchi gani?

Maisha hayafuati mpango huo hata kidogo. Msichana anayeonana na mwenzake mara mojamoja, kondomu humtosha, na humkinga na UKIMWI, ila lazima mwanamume akubali. Akishaolewa kondomu inageuka tusi: eti, unanishuku? Hapo ndipo sindano ya miezi mitatu inapopendwa. Haina pakiti ya kuonekana kabatini, na wapo wake wanaoichoma kimyakimya bila mume wala mawifi kujua. Aliyemaliza kuzaa hutaka kitanzi, vijiti, au kufunga kizazi kabisa. Na aliyeachika, akaolewa tena na miaka 36? Jambo la kawaida sana pwani. Ana watoto wanne, hataki tena. Bwana mpya anataka wake. Huyo huzaa mmoja wa kuiweka ndoa, kisha hurudia sindano. Mpango wake unafuata mume aliye naye, na hakuna daktari anayemwuliza hilo.

Septemba 2018 Rais Magufuli aliwaambia Watanzania kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu, na matangazo yake redioni na kwenye televisheni yakasitishwa. Wakati huohuo msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali. Ruhusa ilikuja Novemba 2021. Yaani usizuie, na ukinasa, toka! Mke wa Rayners Lane wa 1935 alau alikuwa na mume wa kumwachia shughuli. Binti wa kidato cha pili amwachie nani?

Wenzangu wa Lamu, Unguja na Maskati, naomba mniambie: bibi zenu walikuwa na neno lolote kwa asiyeolewa, au wote tulirithi majira tu?