Kiboko na Tilapia: Historia ya Chakula mu Ziwa Édouard

Wazee wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge hawakungoja masomo ya shule ili wajue mahali pa kutega nyavu. Kwao, pale viboko wanalala muchana, njo pale samaki wanakula. Wataalamu walikuja kueleza sababu yake baadaye.

Tuanze na jua. Majani ya mbuga ya Rwindi inakamata mwangaza wa jua na kuugeuza chakula. Usiku kiboko anatoka ndani ya maji, anakula karibu kilo 40 za majani, asubuhi anarudi ziwani na kunya humo. (Wanafunzi wangu wanachekaka hapa, lakini njo kiini cha somo.) Mavi ile inaleta azoti na fosfori, na vile viwili vinalisha mimea midogo sana ya maji, ambayo nayo inakamata jua tena. Tilapia inakula ile mimea. Mwaka wa 1973, utafiti wa Ziwa George kule Uganda, linaloungana na letu kwa mfereji wa Kazinga, ulionyesha kwamba tumbo la tilapia lina asidi kali inayovunja hata mimea ambayo samaki wengi wanashindwa kuyeyusha.

Tusichanganye vitu viwili. Fosfori inazunguka: udongo, majani, kiboko, maji, samaki. Nguvu ya jua haizunguki. Mumarekani Raymond Lindeman alieleza mwaka wa 1942 kwamba kila mara kiumbe kinakula kingine, sehemu kubwa ya nguvu inapotea kama joto. Mara nyingi inabaki sawa sehemu moja juu ya kumi. Hata fosfori inaweza kutoka: mto Semliki unaipeleka Ziwa Albert, na samaki mukavu anaipeleka soko la Butembo ao Goma. Mito Rutshuru na Rwindi inaleta ingine, na kiboko alikuwa mubebaji mukubwa, bila mushahara.

Parc Albert ilianzishwa mwaka wa 1925, na mwaka wa 1969 ikapewa jina la Virunga. Kwa wakaaji ilikuwa uchungu, maana walifungiwa udongo na mawindo yao. Uvuvi ulikubaliwa mu vijiji vichache tu. Lakini viboko waliongezeka. Mu miaka ya 1970 walihesabiwa karibu 29.000 mu Virunga. Kisha silaha zikaenea, zaidi tangu vita vya 1996. Waaskari na vikundi vya silaha waliua viboko kwa nyama na meno. Mwaka wa 2005, hesabu ya kutoka angani ilikuta chini ya 1.000.

Samaki nao walipunguka. Mimi sikubali wale wanaotupa yote juu ya kiboko: pirogi ziliongezeka kupita kiasi, na nyavu za matundu madogo zinabeba watoto wa tilapia mbele hawajazaa. Lakini ziwa lililopoteza mubebaji wake haliwezi kujaza haraka kile nyavu zinachota. Mama anayenunua kikapu Vitshumbi analipa na ile pengo. Tangu hapo viboko wameongezeka kidogo, na wavuvi wa Nyakakoma wanajua ni kwenye pembe gani ya ziwa wanalala.