Mtoto wa Mama Wawili

Mwaka 1899, katika maabara ya Woods Hole, pwani ya Marekani, Jacques Loeb aliyatwaa mayai ya mnyama wa baharini mwenye miiba, jamaa wa wale wanaowachoma wavuvi nyayo maji yakupwapo, akayatia katika maji aliyoyabadilisha chumvi. Mayai yakaanza kugawanyika na kukua bila ya mbegu ya dume. Swali likatoka maabarani: mwanamume ana ulazima gani?

Kwa wanyama wanyonyeshao jibu lilichelewa hadi 1984, na miongoni mwa waliolileta ni Azim Surani, mzaliwa wa Kisumu, akifanya kazi Cambridge. Yeye na wenzake waliunda mimba changa za panya kwa urithi wa kike pekee, zote zikafa. Ajabu ni namna zilivyokufa. Ulipokosekana urithi wa baba, kijusi kilianza kujiumba lakini kondo la nyuma likadumaa. Ulipokosekana wa mama, kondo likastawi na kijusi ndicho kikadhoofu. Yaani kile kinachomlisha mtoto tumboni hujengwa, kwa sehemu kubwa, kwa amri ya baba. Washairi waliomsifu mama peke yake kwa miezi tisa huenda wangeshtuka. Sababu ni kwamba baadhi ya jeni hubeba muhuri wa mzazi zilikotoka, na upande mmoja tu ndio hufanya kazi.

Muhuri huo aliukwepa Tomohiro Kono, mjini Tokyo, mwaka 2004. Mama mmojawapo alikuwa panya wa ukoo uliokwisha kukatwa sehemu ya jeni. Mayai 457 yaliundwa, mimba 371 zikapandikizwa, watoto 10 wakazaliwa hai, mmoja tu akakua. Waliotangaza kwamba zama za wanaume zimekwisha hawakuhesabu maiti. Na nani angethubutu kumkata jeni binti wa watu kwa bahati kama hiyo?

Tena mama wawili hawana cha kumrithisha mtoto uanaume. Jamii ya namna hiyo ingezaa mabinti watupu, na neno “bin” lingekosa wa kuitwa kwalo, na vitabu vya mirathi vingehitaji kuandikwa upya. Mwaka 2022, huko Shanghai, watafiti waliubadilisha muhuri bila ya kukata jeni, wakapata panya wa yai moja la mama mmoja. Binadamu wa namna hiyo hajazaliwa.

Yule wa Tokyo aliitwa Kaguya, kwa jina la binti wa hadithi ya kale ya Kijapani aliyeokotwa ndani ya mwanzi. Alipokomaa alipewa dume wa kawaida, akashika mimba, akazaa.