Takwimu za zahanati zilivyopata njia ya kurudi

Kwa miaka mingi, takwimu za afya za Kanda ya Ziwa zilijua kwenda tu. Muuguzi wa zahanati kisiwani Ukara alijaza madaftari, mwisho wa mwezi akajumlisha kwa mkono, na fomu ikavuka maji hadi Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe. Ikaenda mkoani Mwanza, kisha wizarani. Aliyeiandika hakuiona tena.

Utaratibu huo ni MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenea nchini miaka ya 1990. Wauguzi huyaita madaftari yake kwa namba: MTUHA namba 6 ni la wajawazito, namba 7 la watoto, namba 12 la wanaojifungua. Jumla ikikosewa zahanati, kosa lilipanda na fomu mpaka juu.

Mabadiliko yalianzia Afrika Kusini. Baada ya uchaguzi wa 1994, wataalamu walitengeneza DHIS, programu ya kukusanya takwimu za wilaya, ambazo zilichambuliwa kwenye majedwali ya Excel. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Oslo kikatoa DHIS2, inayotumika kwa intaneti. Kenya iliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, ikisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliifikisha wilaya zote kufikia 2013.

Sasa mratibu wa MTUHA wa wilaya huchagua ugonjwa, vituo na miezi, kisha hupakua jedwali lake mwenyewe, la Excel au CSV. CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, mtindo uliokuwapo kwenye kompyuta za IBM tangu 1972, kabla programu ya VisiCalc haijaleta majedwali kwenye kompyuta binafsi mwaka 1979. Kwa kuwa hauna mapambo, karibu kila programu huusoma.

Lakini faili lililopakuliwa lina mitego yake. Mwaka 2020, Uingereza iliacha nje ya hesabu wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 kwa siku kadhaa, kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani haliwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536.

Mtego unaoihusu zaidi zahanati ni seli tupu. Kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri mpaka iagizwe. Chukua zahanati iliyopata wagonjwa 12 wa malaria Januari, Februari hakuna hata mmoja, Machi 6. Kwenye jedwali, Februari inatoka tupu. Excel ikitafuta wastani huruka seli tupu, hivyo hugawa 18 kwa miezi miwili na kutoa 9. Wastani wa kweli ni 6.

Mratibu makini hupakua pia jedwali la ripoti zilizowasilishwa. Ripoti ya Februari ikiwa imo, utupu ule ni sifuri, naye huijaza. Ikiwa haimo, humpigia simu mganga mfawidhi ili daftari lifunguliwe. Asipofanya hivyo, zahanati itaagiziwa dawa ya mseto ya wagonjwa tisa kwa mwezi, na sehemu itaisha muda wake rafuni huku kituo cha jirani kikipungukiwa.